Kucha Kabla ya Msimu

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimekata tena kucha asubuhi, kabla ya chai. Fupi, karibu na nyama. Nikapiga tupa kuelekea upande mmoja tu, si kwenda na kurudi. Mafuta ya nyonyo kwenye kila kucha na kwenye mzizi wake. Glovu za kuoshea vyombo. Hii ndiyo ratiba tangu nirudi kutoka msibani Susuni. Bado kucha ni kama ganda la kitunguu. Nikibonyeza zinapinda. Ya gumba la kulia ina ufa katikati. Maji ya moto yanauma. Chumvi inauma. Hata kufunga vifungo vya blauzi.

Niandike ilivyokuwa, nisije nikajidanganya baadaye. Mwezi wa nane nilibandika kucha za akriliki, ndefu, nyekundu. Wateja walizipenda. Halafu bibi akafariki. Kwetu wajukuu wa kike ndio wanaosaga wimbi, ule ulezi wa uji wa msibani, kwenye jiwe. Ukilipeleka mashineni ni kama humjui marehemu. Nilipopiga magoti kwenye jiwe shangazi akanishika mkono, akauinua watu waone.

"Hizi zimekuja kulia, au zimekuja harusini?"

Watu walicheka. Msibani. Nikaenda nyuma ya nyumba nikazing'oa kwa mkasi. Asetoni ya kuzilainisha haikuwepo, na mimi sikutaka kusubiri. Kila moja ilitoka na tabaka la kucha yangu. Nikarudi nikasaga mpaka likaisha, vidole vinavuja damu. Shangazi akasema sasa nimekuwa mtu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kazi yangu ni kusuka. Rasta ndogondogo, zile ambazo wasusi wengi hapa Tarime mjini wanazikataa. Mkono si kitu bila kucha. Unabana shina la nywele kwa ncha ya gumba na ya kidole cha shahada, unalishikilia, ndipo unaingiza rasta, zile nywele za bandia. Sasa ncha inapinda na shina linateleza. Leo nimesuka kichwa kimoja kuanzia saluni ilipofunguliwa mpaka jioni. Mistari imepinda. Mteja alijiangalia kwenye kioo, akafunga kitambaa, akaondoka.

Mama Happy, mwenye saluni, alisubiri tubaki wawili.

"Robi, Desemba ni msimu. Unajua."

Najua. Mwaka huu ni mwaka wa tohara. Kila kijana anayetoka jandoni ana mama, dada na shangazi, na wote wanataka kucheza barabarani na nywele mpya. Wiki zile ndizo zinazotushikilia mwaka mzima.

"Kiti changu hakiugui," akasema. "Akikaa mtu asiyeweza, namkalisha anayeweza."

Sina kazi nyingine. Sijasomea nyingine.

Jumapili, 27 Oktoba

Nimepima kwa rula ya shule. Kucha mpya inaonekana kwenye mzizi, laini, ya rangi yake. Mstari mwembamba tu. Nimepiga hesabu mara mbili. Haiwezi kufika kwenye ncha kabla ya Desemba. Hata nikila mayai kila siku, hata nisipogusa maji. Haiwezi.

Jumatatu, 4 Novemba

Kila mtu ana dawa. Kitunguu saumu. Limao. Samli ya ng'ombe. Mama mmoja kutoka Nyanungu kasema niloweke kwenye mkojo wa ndama. Mafuta peke yake ndiyo hayajaniumiza. Nimekata, nimepaka. Kucha ya kidole cha shahada imepasuka tena pembeni, nilipokuwa natandika kitanda tu.

Jumatano, 13 Novemba

Kijana wa kucha kutoka Sirari amekuja na begi lake, huwa anapita saluni. Alinishika mkono akapiga mluzi.

"Siste, nani alikufanyia hivi?"

"Mimi mwenyewe."

"Aki pole. Nikuwekee jeli, safu moja tu, ishikilie. Hakuna mtu atajua."

Nilijua si vizuri. Kucha ya gumba ilikuwa imeanza kuachana na nyama, pembeni, na uwazi huo niliuona. Nilimwambia aweke. Vidole vinne tu, vile vya kazi. Niliogopa kupoteza kiti.

Jumamosi, 16 Novemba

Leo nimesuka kama zamani. Shina linakaa. Vichwa viwili, mistari imenyooka. Mama Happy kapita nyuma yangu akiimba. Nimerudi nyumbani nikala nikashiba, kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Jumatano, 20 Novemba

Gumba linapwita. Nimesema ni uchovu.

Jumapili, 24 Novemba

Chini ya jeli pana rangi ya kijani. Kwanza nilidhani ni uchafu wa rangi ya nywele. Nimeosha. Haitoki, iko ndani. Ina harufu. Nimebandika plasta nikaenda kanisani, na wakati wa kupeana mkono nimetoa wa kushoto. Mzee wa kanisa kaniangalia. Nikamwamkia shikamoo mara mbili, kama mjinga.

Jumanne, 26 Novemba

Nimekwenda zahanati. Muuguzi ni mgeni huku, ametokea Iringa, anaongea polepole. Aliniloweka kidole kwa asetoni, muda mrefu, hakulazimisha. Jeli ikalainika ikatoka. Chini yake kucha imeachana na nyama hadi katikati. Maji yalikuwa yanaingia na kukaa humo kila nilipoosha kichwa cha mtu.

Nilimwuliza itapona lini.

"Kucha haiponi, dada. Hiyo iliyoharibika inasukumwa nje, mpya inakuja nyuma yake. Kazi yako ni kutoizuia. Ikate, ikauke, usiifunike na kitu."

"Lini?"

"Gumba ni zito kuota. Weka nusu mwaka."

Nikamwambia mimi nasuka. Akaniambia si sasa. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 1 Desemba

Sikutoka. Nimelala nikiangalia dari. Ngoma za majaribio zinasikika upande wa barabara kuu.

Jumanne, 3 Desemba

Kiti kimepata mtu. Anaitwa Nyangi, ametoka Kenyamonta. Nilimkuta amekaa, amepanga vitana vyake pale nilipokuwa naweka vyangu. Vyangu vilikuwa kwenye mfuko wa nailoni, vimefungwa vizuri. Mama Happy alisema si ubaya.

"Utakuwa unachambua rasta na kuwapokea wateja. Ukipona tutaongea."

Tutaongea. Najua maana yake. Nimekubali kwa sababu chumba kinataka kodi na tumbo linataka chakula. Nimechukia kila kitu leo. Shangazi, jiwe, mkasi, kijana wa Sirari. Zaidi ya wote, mimi.

Jumamosi, 7 Desemba

Saluni imejaa mpaka nje. Wananiita mimi kwa jina, kisha wanakalishwa kwa Nyangi. Wengine wanauliza kama nimekuwa bosi. Nachambua rasta, natabasamu. Mke wa mdogo wangu alikuja, yule ninayemsuka tangu akiwa shule. Akaangalia vidole vyangu, akaangalia chini. Akakaa kwa Nyangi.

Jumanne, 10 Desemba

Sina la kuandika. Nimekata. Nimepaka. Nimekausha.

Jumamosi, 14 Desemba

Leo alikuja mama wa makamo, mwanawe anatoka wiki ijayo. Alitaka rasta ndogo kabisa. Nyangi alianza, shina likamponyoka, akavuta kwa nguvu.

"We binti, unasuka au unafunga mbuzi?"

Watu wakacheka. Nyangi akaweka kitana chini. Mama Happy alikuwa anamwangalia kutoka mlangoni. Kucha za Nyangi ni nzuri. Ngumu, fupi, hazijawahi kubandikwa kitu. Ila alikuwa anabana kwa nyama ya kidole, si kwa ncha ya kucha.

Nilivuta stuli nikakaa karibu yake. Nikamwambia taratibu: ncha ya gumba chini, ya shahada juu, usivute, shikilia tu, acha rasta ndiyo ije. Akajaribu. Nikamwambia punguza nywele, nusu ya hapo. Akajaribu tena, shina likakaa.

Tukaenda hivyo mpaka jioni. Mimi nasema, yeye anafanya. Baadaye nikawa sisemi, nampa rasta tu. Kile kichwa kilikuwa changu, kila mstari wake.

Yule mama alijiangalia kwenye kioo, mbele na nyuma. Akamshika Nyangi bega, akasema mkono wake ni mwepesi, atawaleta na dada zake. Nyangi akanigeukia akataka kusema kitu. Nikamwambia amwangalie mteja wake.

Nikachukua ufagio, nikafagia nywele chini ya kiti.