Ng'ombe Sitini na Mmoja Waliopigwa Chapa kwa Mzee Salmini

POLISI YA TANGANYIKA, KITUO CHA TABORA, JIMBO LA MAGHARIBI
MAELEZO YA SHAHIDI

Shauri: Wizi wa ng'ombe na kubadili chapa. Mlalamikaji ni Lugembe Ng'washi wa Ziba, wilaya ya Nzega.
Jina la shahidi: Salmini bin Ghalibu
Umri: Miaka sabini na moja
Kazi: Mpiga chapa wa kadi za harusi, mwandishi wa barua za watu
Makazi: Gongoni, Tabora mjini. Mzaliwa wa Ujiji.
Yameandikwa: Alhamisi, 12 Septemba 1957, saa nane na dakika kumi mchana

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nilifika Tabora mwaka 1892, mtoto wa miaka sita, juu ya punda, katika msafara wa marehemu baba yangu. Tulikuwa tukae mwezi mmoja. Ujiji sijaiona tena.

Mnamo tarehe 5 Agosti mwaka huu, saa tatu asubuhi, alinijia dukani binti wa miaka kumi na tisa aliyemaliza darasa la kumi kwa masista. Jina lake Apolinaria, binti wa mlalamikaji. Alikuwa na barua tatu za vyuo.

"Shikamoo babu. Nataka kusomea kuwaandikia wakulima."

"Marahaba. Kuwaandikia nini?"

"Yale bwana shamba anayowaambia kwa Kiswahili cha ofisini, wakaitikia kwa adabu, kisha wakaenda kupanda vilevile kama mwaka jana."

Nilimpa kiti.

Tulizisoma barua zote tatu. Chuo cha kwanza kilikuwa Nairobi, kikifundisha kazi ya gazeti tu. Alikwishapiga hesabu kwa namna ya kwao: ng'ombe tisa kwa mwaka, bila nauli, na kila mwanafunzi aje na mwavuli na viatu jozi tatu. Cha pili kilifundisha kilimo peke yake. Kuandika kwake ni kujaza daftari la mvua. Cha tatu ni Chuo cha Wakulima cha Mtumbati, upande wa Kilosa. Asubuhi wanafunzi hulima, mchana hutengeneza gazeti la wakulima, na chakula chao hutoka katika shamba walilolima wenyewe. Kwa hiyo ada yake ni ndogo: ng'ombe mmoja kwa mwaka.

Nilimwambia asiamini sifa ambazo chuo kimejiandikia chenyewe. Tumtafute aliyesoma pale. Alipatikana bwana shamba mmoja wa Goweko, Damas Kasimiri. Tulimwandikia tarehe 7, akajibu tarehe 19. Barua yake ninayo. Anasema: "Chakula ni ugali na maharage. Jumapili hubadilishwa, huwa maharage na ugali. Lakini nilifundishwa kumwandikia mkulima kana kwamba amesimama mbele yangu, jembe begani, naye ana haraka. Aende."

Apolinaria aliisoma mara mbili, akazirudisha barua za vyuo vile viwili ndani ya bahasha zake. Hakuzitoa tena.

Mtumbati walitaka mambo mawili: makala moja juu ya kilimo cha kwao mwombaji, iliyopigwa chapa, na fomu yenye sahihi ya baba. Vyote avifikishe mwenyewe Jumamosi tarehe 14, la sivyo nafasi apewe mwingine. Mimi nilipata nafasi kama hiyo Unguja mwaka 1905, kwenye kiwanda cha chapa. Baba alisema nisubiri msafara ujao. Najua hilo halihusu shauri hili, lakini Sajenti anayeniandika amesema nisifiche kitu.

Makala aliiandika kwa siku kumi. Aliiita "Ng'ombe Wetu." Ni makala safi. Ugumu ulikuwa kwangu. Kadi za harusi hazihitaji herufi "g" nyingi, nami nilikuwa nazo ishirini na mbili tu. Katika makala, neno ng'ombe limo mara sitini na moja. Ilinibidi nipange aya chache, nichape, nivunje, nipange tena.

Mnamo Jumatatu tarehe 9, saa nne asubuhi, tulikwenda posta kumpigia baba yake simu ya maandishi. Simu hulipiwa kwa neno, naye alikuwa ameandika maneno thelathini na manne. Nilichukua kalamu nikayapunguza. Neno "makala" nililifuta kwa mkono wangu. Nilimwambia, "Hilo la bure, baba yako ataelewa." Nakiri kosa hilo ni langu, wala si la binti. Simu iliyokwenda Nzega ilisema hivi:

NGOMBE WETU KUPIGWA CHAPA ALHAMISI KWA SALMINI TABORA BABA NJOO TIA SAHIHI APOLINARIA

Nimeambiwa kwamba tarishi aliisoma simu hiyo mbele ya zizi Jumanne jioni, na kwamba mlalamikaji aliwahesabu ng'ombe wake mara tatu. Walikuwa arobaini na wawili, wote wapo. Hapo akaona kwamba mwizi bado hajafika, na kwamba ameshirikiana na binti yake.

Leo asubuhi saa tatu unusu nilikuwa mashineni, Apolinaria akikunja kurasa. Aliingia Konstebo Kibwana, na nyuma yake mzee mrefu aliyeshika chuma cha kupigia ng'ombe chapa. Apolinaria alisema, "Baba!" Konstebo aliniuliza:

"Wewe ndiye Salmini unayepiga chapa?"

"Ndimi. Tangu mwaka 1921, na leseni ninayo."

"Leo umepiga?"

"Tangu alfajiri. Namalizia."

"Ng'ombe wangapi?"

Nilidhani anaulizia neno, maana karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Nikamjibu kwa usahihi. "Sitini na mmoja."

Mzee alipiga kelele. "Wangu arobaini na wawili! Huyu Mwarabu kachukua na wa jirani!"

Konstebo alitazama chumba. Kina urefu wa hatua tano. Akainama akatazama chini ya meza. Mke wangu, Tufaha, alikuwa mlangoni na birika la kahawa. Alisema, "Salmini, miaka yote nakwambia chumba kimejaa, nawe hukunieleza kuwa una zizi."

Apolinaria alijaribu kueleza, lakini wote tulisema kwa pamoja. Konstebo alichukua makala, fomu ya chuo na nakala ya simu, akaviita vielelezo, akatuleta kituoni. Njiani alimtania mzee, maana yeye Konstebo ni Mzaramo, na Wazaramo ni watani wa Wasukuma. "Ninyi Wasukuma mkisikia neno ng'ombe, masikio huziba kwa mengine yote." Mzee alimjibu kwamba Mzaramo hana ng'ombe wa kuibiwa, ndiyo maana wakamfanya askari.

Tulifika saa nne na robo. Sajenti Marko alimwamuru binti asome kielelezo cha kwanza kwa sauti. Alisoma akiwa amesimama. Mzee alikaa na chuma chake magotini. Binti alipofika ukurasa wa pili alisoma hivi: "Baba yangu kila asubuhi hutazama kwanza mavi, ndipo amtazame ng'ombe. Hajasoma, lakini ugonjwa huujua siku mbili kabla ya daktari wa mifugo. Nataka kuyaandika anayoyajua, yafike hata kwa wasio na baba kama yeye."

Mzee aliuliza, "Nani kakwambia habari hiyo?"

"Nilikuwa nakuona, baba. Tangu nikiwa mdogo."

Askari wa kaunta aliacha kuandika. Kisha mzee akasema, "Umeandika ndama huachishwa maziwa miezi sita. Ni saba. Andika saba."

"Nitaandika saba, baba."

"Na chuo hicho kinataka ng'ombe wangapi?"

"Mmoja kwa mwaka."

"Mmoja?" Alinigeukia. "Mzee, hawa watu wana akili zao timamu?" Nilimwambia wanazo, nikamsomea barua ya Goweko. Aliposikia habari za maharage na ugali alicheka mpaka chuma kikaanguka sakafuni. Akaomba wino, akatia dole gumba kwenye fomu, akaligandamiza kwa nguvu kana kwamba karatasi ingekimbia.

Naomba vielelezo virudishwe sasa hivi. Treni ya kwenda mashariki huondoka saa kumi na nusu, na "sita" lazima iwe "saba" kabla ya hapo. Mlalamikaji simdai kitu. Amekwisha kunywa kahawa yangu vikombe vinne.

Hayo ndiyo niliyoyatenda na kuyaona kwa macho yangu. Nimesomewa, nami nimesahihisha nukta mbili.

(Sahihi) Salmini bin Ghalibu

Maandishi ya Afisa: Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajenti Marko. Vielelezo vyote vimerudishwa saa nane na dakika hamsini. Hakuna ng'ombe aliyeibiwa. Jalada halijafungwa kwa sababu mlalamikaji hakurudi kutia dole la kufuta shitaka. Konstebo Kibwana alitumwa stesheni, akamkuta ndani ya behewa karibu na binti yake, akisema anamsindikiza mpaka stesheni ya Tura tu na kesho atarudi. Alipoulizwa sababu, alijibu kuwa ukurasa wa tatu nao una kosa.