Nyusi za Nasra na Wanja Wangu

Jumatatu, 2 Agosti 1993

Nasra karudi kutoka saluni hana nyusi. Zote! Kazinyoa kwa wembe, kachora mistari miwili ya penseli, myembamba kama njia ya sisimizi. Chini yake rangi ya bluu. "Shikamoo mjomba." Nikamuuliza, umeona nini mpaka umeshangaa hivyo?

Kasema ndio mtindo, vitu vya Dubai, siku hizi kila kitu ruksa. Nikamwambia ruksa ni ya serikali. Humu ndani ruksa natoa mimi.

Tena washenga wa Halidi, yule kijana wa kiwanda cha sukari huko Turiani, wanakuja Ijumaa kuleta posa. Nimetangaza: siwapokei mpaka nyusi ziote. Nasra ni mtoto wa dada yangu, anakaa kwangu, na kwetu Waluguru mjomba ndiye msemaji. Baba yake kasikia, kachukua jembe kaenda zake shamba. Anaijua desturi.

Jumanne, 3 Agosti

Dada Asia kaja na machozi. Nyusi ni za mwezi mzima, kaka, na posa ikigeuzwa mlangoni hairudi tena! Binti analia, hataki kula. Nikamwambia ale, nyusi zinahitaji chakula.

Mambo ya macho mimi sifundishwi. Mama yetu alipaka masizi ya kibatari na mafuta ya nazi, kope zikatulia. Halafu ukaja wanja wa manga, ule wa jiwe. Ulipokuja uhuru wanawake wakaanza kuvuta mkia wa wanja mpaka karibu na sikio. Asia naye alivuta – mkia mmoja juu, mmoja chini – akawa kama anawakonyeza watu kutwa nzima. Miaka ya foleni, wanja hakuna, akasaga kaa la betri ya redio! Macho yakavimba siku tatu, mimi ndiye niliyemshika mkono kwenda zahanati.

Nimemkumbusha hayo. Kaondoka bila kuaga.

Mimi je? Jiwe langu, kijiti changu, kila Ijumaa tangu ujana. Nikipita mtoni wasichana walimwaga maji waliyokwisha kuchota. Sijisifu. Waliomwaga wapo, waulizwe.

Alhamisi, 5 Agosti

Wanja umekwisha! Nimekikung'uta kichupa, kimetoa vumbi tu. Nimeshuka kutoka Bigwa mpaka sokoni kwa miguu. Jiwe hakuna. Kijana mmoja kanionyesha penseli ya kijani, eti babu hii itakupendeza. Nikamwambia ampelekee babu yake.

Asia kapita nje, kasema kwa sauti ya kusikika: washenga walishaondoka Turiani, wamelala kwa jamaa zao mjini. Shauri lao.

Ijumaa, 6 Agosti, asubuhi

Siwezi kwenda msikitini na macho matupu kama ya mgonjwa. Nasra yuko kisimani. Kwenye mkoba wake kuna kichupa chenye brashi ndani. Rangi nyeusi, safi. Nimepaka kidogo. Macho yamewasha, nimetoa machozi, nimeongeza. Kwenye kioo – kijana wa miaka thelathini!

Ijumaa, alasiri

Balaa.

Mwinjuma, tunayekaa naye safu ya mbele, kanipokea kwa kelele: Mzee Kondo, leo nani anaposwa, binti au wewe? Nikacheka. Tukaenda kutawadha. Maji yakateleza kama juu ya jani la myugwa. Mwinjuma kasogea: ndugu yangu, kama maji hayafiki, huo udhu uko wapi? Nikasugua. Nikaomba sabuni ya kipande. Weusi ukashuka mashavuni, haukutoka. Nimeswali safu ya mwisho, karibu na viatu. Mimi!

Nimerudi kope zimegandana. Jicho la kulia halifunguki kabisa. Nasra kaniona mlangoni. Hakucheka. Afadhali angecheka. Kasema taratibu: mjomba, hiyo ni maskara, haitoki kwa maji, inatoka kwa mafuta.

Na washenga wameshafika! Wako barazani, wazee watatu wenye kanzu. Asia kawapa kahawa. Nawasikia wanamuulizia mjomba wa binti, wamesikia sifa zake.

Nasra kaingia na pamba na mafuta ya nazi. Jicho la kushoto kalifuta vizuri, kwa adabu, hakuomba kitu. Sasa kashika pamba nyingine, kasimama tu.

"La kulia, mjomba?"

Nikasema futa. Kasema na nyusi je, utawapokea washenga nazo hivi hivi?

Nikamwambia mjomba hapewi masharti na mtoto. Kasema sawa, shikamoo, basi toka hivyo hivyo uwafukuze wageni, wakuone vizuri na wao.

Nimemwambia angoje kwanza, nina jambo kubwa la kuandika. Ndilo hili ninaloandika. Mshenga kakohoa mara ya tatu. Asia anaita, kaka, kahawa inakwisha. Nikiinua kichwa kwa jicho hili moja namwona Nasra, mafuta yanamtiririka mpaka kiwikoni, na ile mistari yake miwili – imepanda juu kabisa – bado anangoja –