Mashine ni Yangu, Siyo ya Mume Wangu

Na hata kuuliza Shangazi hakuuliza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Angeuliza ningekasirika kidogo, ningesema hapana kwa upole, yakaisha. Hakuuliza.

Jumapili, baada ya misa. Mvua imenyesha tangu asubuhi hapa Pasiansi na ziwa limekuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Faustine wangu amelala kwenye kochi, mdomo wazi, mzuri hata akiwa hivyo. Mimi nimekaa mezani nikiandika kwa hasira, na hasira yenyewe ina umri wa siku nane.

Nieleze vizuri, maana wengine mmeanza kunisoma juzi mlipoona picha za harusi.

Kwa kina Faustine kuna desturi. Bibi harusi akishaingia, shangazi wa bwana harusi huja kutoa ukapera ndani ya nyumba. Anapita chumba kwa chumba na kuondoa kila kitu cha maisha ya zamani ya kijana wake: shuka zilizotoboka, vikombe visivyo na mikono, mabango ya ukutani. Desturi nzuri. Naipenda, nasema kweli. Jumamosi ya wiki iliyopita tulikuwa na sherehe ya kuvunja kamati, kuwashukuru waliotuchangia, na wakati sisi tunacheza muziki ukumbini, Shangazi Anastazia na wifi zangu wawili walikuwa hapa nyumbani wanatoa ukapera.

Wakatoa na mashine yangu.

Mashine yangu ya gemu. Nyeupe, ya mraba, na mfuniko wa duara juu. Wameivusha daraja la Busisi mpaka Sengerema, kwa Shangazi.

Najua wengi wenu hamtaelewa, kwa sababu hamjawahi kuielewa mashine hii. Hakuna aliyewahi. Kampuni iliyoitengeneza iliiacha ikiwa bado mpya, watu wakakimbilia ile nyeusi ambayo kila banda la gemu hapa mjini lilijaza. Niliwahi kuipeleka kwenye banda moja jirani ili niijaribishe kwenye runinga yao. Mwenye banda akaigeuza mikononi, akaniuliza, "Dada, hii ni deki au jiko la wali?" Wateja wake wote wakacheka. Nilitoka pale nimeikumbatia kama mtoto aliyetukanwa.

Wacheke. Padi yake ni pana, inajaa mkono, na katikati yake unachomeka kadi ya kumbukumbu yenye kioo chake chenyewe, kidogo kama stempu ya barua. Ukicheza, kile kioo nacho kinacheza. Nani mwingine alifikiria kitu kama hicho? Rangi zake ni angavu kama kanga zikiwa dukani. Gemu zake hazikutishi kwa damu na bunduki. Zinakukaribisha. Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yakanivunja moyo, hii ndiyo iliyokuja kunikalisha chini nikatulia, ilipotengenezwa. Niliinunua mwenyewe sokoni Mlango Mmoja, kutoka kwa muuza redio za mitumba, akaniambia haifanyi kazi.

Haikufanya kazi kweli. Na hapo ndipo Mungu alipotumia ubovu wa mashine kunipa mume.

Faustine ni fundi friji. Nilimpelekea kwa sababu mafundi wa runinga walikuwa wamenicheka. Yeye hakucheka. Alifungua, akapuliza vumbi, akasema mota ya kuzungusha sidii imekauka tu. Nyumbani kwetu Buhongwa runinga yetu ilikuwa bapa, haina matundu ya zile waya tatu za rangi, lakini yeye alikuwa na runinga ya chogo chumbani kwake. Basi mashine ikabaki kwake. Nikawa naenda kucheza Jumamosi mchana, mlango wazi, mama mwenye nyumba akituchungulia. Nilimfundisha kila kitu. Mtu huyu hakuwa amewahi kushika gemu maishani. Alishika padi kama anashika sahani ya moto.

Mnaona kosa lilikotoka? Mwaka mzima ndugu zake walipokuja kumtembelea waliiona mashine chumbani kwa kijana kapera. Nani angefikiri ni ya msichana?

Ila bado wangeuliza.

Halafu kuna kadi. Hapa ndipo ninaposhindwa kuandika vizuri.

Kuna gemu ya kuvua samaki. Ukikamata samaki mkubwa unaandika jina kwenye orodha ya washindi, ambayo hukaa ndani ya ile kadi, na jina ni herufi tatu tu. Siku moja nilifika kwake akaniambia, washa uone orodha. Nikawasha. Kutoka juu kwenda chini iliandikwa: UTA. OLE. WAN. AMI.

Nilisoma mara mbili. Alikuwa amevua wiki nzima baada ya kazi. Alihitaji samaki wanne waliopishana uzito kwa mpangilio, kwa hiyo aliwaachia hata wakubwa waliomharibia mstari. Mtu aliyekuwa hajui kubonyeza kitufe. Nililia mpaka kamasi.

Tangu siku ile sijavua tena kwenye gemu hiyo, naiwasha tu kusoma orodha, kwa sababu mtu yeyote akikamata samaki mkubwa zaidi, jina lake litaingia katikati na maneno yatasukumwa chini. Na wiki nzima sasa kadi iko Sengerema, kwenye nyumba isiyokosa wageni, na sijui nani ameshika padi.

Faustine anasema, "Mke wangu, tutatafuta nyingine." Nyingine ya nini? Nyingine itakuwa na samaki wale? Anajua ninachosema, ila Shangazi ndiye aliyemsomesha, na kumdai kitu hawezi. Nampenda kuliko pumzi yangu lakini wiki hii nimempikia huku nagonga sufuria.

Sasa niseme lile ninaloona aibu kulisema.

Asubuhi iliyofuata sherehe, Jumapili, kabla Shangazi hajaondoka, tulikuwa mezani tunakunywa chai. Akasema mbele ya wote, "Mkwe, tumekuondolea mzigo. Mwanaume aliyeoa hakai na midude ya gemu." Wifi mmoja akaongeza, "Sasa kaka atamwangalia mke badala ya kioo." Wakacheka. Faustine akainamia kikombe, akabeba lawama isiyo yake. Hakunitaja. Wote wakanigeukia.

Nikasema, "Asante sana, Shangazi."

Mimi. Kwa mdomo wangu huu. Nilitaka waendelee kuniona mke mwema aliyemtoa kijana wao kwenye utoto. Kwa hiyo hasira hii yote, nikiwa mkweli, nusu yake inanihusu mimi.

Nimeandika mpaka hapo, nikaacha, nikachukua simu nikaenda kusimama barazani. Nimempigia.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mkwe. Mume anakula?"

"Anakula."

"Mpunguzie wali, ana tumbo la baba yake."

Nikasema nataka kuuliza kuhusu ile mashine nyeupe. Akasema ni deki mbovu, ameifungia kabatini, nisiiulize tena. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Nikamwuliza kama kuna mtu ameichezea.

"Mwanangu," akasema taratibu, "kuna mambo mwanamke anayeanza nyumba hana haja ya kuyajua."

Kumbe aliona inaingia sidii, akataka kuisikilizia sidii ya kwaya. Alimwita mpangaji wake, mwalimu, akamuunganishia zile waya kwenye runinga. Hawakujua kwamba ndani kulikuwa na sidii yangu tayari. Badala ya kwaya akatokea mzungu kwenye mtumbwi, na baadaye kidogo ikatokea orodha.

"Nimeyasoma kwa macho yangu. Utaolewa nami. Huyu kijana amemwandikia mwanamke mle ndani! Nikachomoa waya, mwalimu nikamtoa nje. Hata mama yake sijamwambia. Nilisema nitakufa nayo, ndoa ya watu isivunjike."

Nilikaa chini kwenye ngazi iliyolowa.

"Shangazi, huyo mwanamke ni mimi."

"Wewe?"

"Ni mimi. Na mashine ni yangu. Niliinunua kabla sijamjua. Yeye nilimfundisha mimi."

"Kwa hiyo mcheza gemu ni wewe."

"Ndiyo."

"Bibi harusi mzima, na shela lile."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na asante uliyonipa mezani ilikuwa ya nini?"

Nikasema ilikuwa ya woga.

Akaniambia hajafurahi. Wiki nzima amembebea kijana wake dhambi ambayo hakuifanya, hajalala vizuri, na leo kanisani alikuwa anamwombea. Nami nikamwambia kwamba hata mimi sijafurahi, kwamba kitu cha mtu huulizwa kabla ya kubebwa, hata kama kimekaa nyumba ya mwanaume. Sijawahi kumjibu mtu mzima hivyo. Nilidhani atakata simu.

"Sawa," akasema. "Hilo nimelisikia. Lakini simpi mtu akuletee. Wifi zako waliibeba wakijisifu njia nzima. Utakuja mwenyewe, uwaambie mbele yangu ni ya nani. Ufunguo wa kabati ninao mimi."

Bado nina hasira. Natamani ningeandika kwamba imeisha, maana Faustine ameamka, ananiuliza kwa nini gauni limelowa, na uso wake una alama za kitambaa cha kochi, ningeweza kuubusu mpaka jioni. Ila nimemwambia kwanza akae, nina neno naye pia. Wakati mwingine mkewe akichekwa kupitia yeye, asiiname kwenye kikombe. Na mimi sitasema asante nisiyoimaanisha.

Shangazi nimemjibu kabla hajakata. Nimemwambia awaite wifi zangu wote wawili, achague siku yeye, Jumamosi yoyote iliyobaki. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa Sengerema, sebuleni kwake. Faustine akitaka kunisindikiza, aje. Atakayeongea ni mimi.