Ua Lisilokuwa na Kwao

Runazi, Jumapili, Septemba 1979

Mvua ya kwanza ilinyesha juzi, ikalowesha vumbi tu, ikaenda zake. Leo jua kali tangu asubuhi, na mawingu yamekaa upande wa Ngara kama wageni wasioamua kuingia. Ninaandika kabla giza halijaingia, maana mafuta ya taa hayapatikani na macho yangu si ya ujana. Nestori, mume wangu, yuko ndani, amelala kifudifudi kitandani. Hataki mtu aone uso wake.

Moyo wangu ni mzito. Nianze na maua, kwa sababu yote yametokea huko.

Kijiji chetu kilipimwa kwa kamba. Nyumba zimesimama mstari mmoja kama watoto wanaosubiri chanjo, na usiku wa pombe wanaume wawili watatu hapa wameshawahi kugonga mlango wa mke asiye wao na kusema kwa kweli kabisa kwamba wamepotea. Tulipohamishwa wakati wa operesheni ya vijiji, kila mtu alibeba alichoweza: mitungi, kuku, hata milango. Wanawake tulibeba pia vipando vya maua, tumevificha kwenye nguo za watoto ili wanaotuhamisha wasitucheke. Katibu wa kijiji alitutangazia mkutanoni kwamba ua haliliwi, tupande mihogo. Hajawachunguza mbuzi wake mwenyewe.

Kwa hiyo tuna desturi ambayo haimo katika azimio lolote. Mwisho wa kiangazi, mvua ya kwanza ikishagusa ardhi, Jumapili baada ya sala wanawake tunapita mlango kwa mlango kuona kilichochanua. Majina ya kitabuni hatuyajui. Ua tunalijua kwa nyumba lilikotoka. Zinia nyekundu ni za kwa Balthazari, mzee aliyefariki wiki tuliyohama. Dalia ya zambarau ni ya misheni, kwa sababu aliyeileta anasema aliiomba kwa masista, nasi tumekubali kwamba aliiomba. Ukimpa mtu kipando sharti umtajie kwao, naye akimgawia mwingine sharti amtajie. Hivyo vilima tulivyovihama vimekuja vyenyewe huku, polepole, kila kimoja mbele ya mlango wa mtu.

Mlangoni pangu kuna ua moja lisilokuwa na kwao.

Alilileta Nestori mwaka jana, kabla ya vita, alipokwenda kukata nyasi za kuezekea ng'ambo ya bonde. Mimi na yeye ni Wahangaza, watu wa Bukiriro kule Ngara, tulikuja Biharamulo kutafuta ardhi, na vilima vya huku hatuvijui kwa majina. Nestori ni mtu asiyeweza kurudi nyumbani mikono mitupu. Akikosa kuni ataleta jiwe la kunolea. Siku ile alirudi na kikapu cha vitunguu vya ua, vikubwa kama ngumi. Akagawa kimoja kimoja kwa wanawake wa mstari wetu, kila mlango. Walipomuuliza ni vya wapi, alisema ni vya porini.

"Mhangaza huyu!" alisema Mama Zabloni, jirani yangu Msukuma, ambaye utani kwake ni kama chumvi. "Ametuletea vitunguu visivyolika. Nyumbani kwenu mnapikaga nini?"

"Majirani," Nestori akamjibu. "Wanene ndio tunaanza nao."

Mwaka jana vilitoa majani tu. Wiki hii, mvua ile ndogo ilipopita, vikatoa ua. Halitangulizi jani. Ardhi ni kavu, tupu, nyeusi kwa moto wa kiangazi, halafu asubuhi unakuta kichwa chekundu, duara, kimesimama juu ya bua moja kama kichwa cha mtoto asiyechanwa nywele. Jana mstari wetu wote ulikuwa mwekundu. Hata katibu wa kijiji alisimama kuangalia, kisha akakumbuka cheo chake akaendelea na safari.

Nestori alitembea kama mtu aliyepewa nishani.

Sasa Mama Fokasi. Anakaa mlango wa tatu kutoka kwangu, na siku ile ya vitunguu mlango wake ulikuwa umefungwa, hakupata. Ni Msubi, mwenyeji wa huku huku; kwao ni hicho kilima cha ng'ambo ya bonde, lakini watu wa kilima chao waligawanywa, wengi wakapelekwa kijiji kingine, yeye akaangukia kwetu. Ni mjane. Alikuwa na mtoto wa kiume mmoja, Fokasi, aliyeondoka na mgambo kwenda vitani akiwa amevaa viatu vya kuazima. Kiangazi hiki wenzake wamerudi, na redio zao na masimulizi yao. Fokasi hakurudi. Waliokuja kumwambia mama yake walisema amezikwa huko huko Uganda, kwa heshima. Mama Fokasi aliwauliza huko ni wapi. Hawakujua.

Kwao mtu akifia mbali, mwili usirudi, hukata mgomba, wakauvika nguo ya marehemu, wakauzika ubavuni mwa baba yake. Hapo ndipo matanga yanakwisha. Mama ananyoa nywele, anasalimia watu, anashika jembe. Mgomba usipozikwa, anabaki vile vile, mtu wa matanga, na mtoto wake anabaki njiani. Katekista alimwonya kwamba mgomba hauna roho. Mama Fokasi akamwambia anajua, amelima migomba maisha yake yote.

Kilichomzuia ni kaburi la mumewe. Liko kwenye mahame yao, kule kilimani, na mahame si mahali tena. Nyumba zilichomwa ili tusirudi. Migomba ikafa, ng'ombe wakapita, moto wa kiangazi ukapita kila mwaka. Msalaba wa mti waliula mchwa. Anajua kaburi lilikuwa upande wa machweo wa nyumba, lakini nyumba yenyewe ilikuwa wapi? Alikwenda mara mbili akarudi na miguu myeusi kwa masizi. Tulipomuuliza, alisema tu, "Mvua ikinyesha nitamwona."

Sisi tulidhani anangoja ardhi ilainike.

Leo, baada ya sala, tukaanza kupita milangoni. Mama Fokasi hajatoka kwake tangu habari zile, zaidi ya maji na kuni. Leo alitoka. Tulisimama wote kwa furaha, kama watu wanaoogopa kumshtua ndege. Amekonda, nywele zimesimama, kanga imemzunguka mara mbili.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

Hakuitikia. Alikuwa anaangalia mlango wa kwanza. Kisha wa pili. Kisha akageuka akaangalia mstari mzima, mwekundu mpaka mwisho, na mimi, mjinga, nikadhani amependezwa.

Akaja mpaka kwangu, akachuchumaa mbele ya ua langu. Hakuligusa.

"Hili ni la wapi, Mama Editha?"

Nestori alikuwa amesimama mlangoni, anangoja kusifiwa. Akanitangulia kujibu.

"La porini, shemeji. Nimelitoa mwenyewe kule ng'ambo, kwenye mahame. Yaani ungeyaona majani yake! Yalikuwa yamejipanga duara refu, hivi, mazuri, kama mtu ameyapanda."

Mama Fokasi akasema, "Mtu aliyapanda."

Mama Zabloni alishika mdomo.

"Nilimpandia baba Fokasi," akasema. Alisema taratibu, kwa Kiswahili chake kile cha sokoni, kana kwamba anaeleza njia. "Kwetu kaburi la mwenye nyumba tunalizungushia hayo. Mwaka mzima huoni kitu. Mvua ya kwanza ikija, nyasi bado hazijaota, yeye anatokea. Unamwona kutoka mbali. Nimengoja kiangazi kizima nimwone."

Nestori alikaa chini pale pale kizingitini. Kwetu Bukiriro kaburi hatulipandii ua hilo, ua ni ua tu. Nchi ni moja na chama ni kimoja, lakini makaburi kila watu na yao, na hilo hakuna aliyetufundisha kwenye kisomo.

Alimwambia, "Shemeji, mimi nitapaona. Nitakupeleka sasa hivi."

Tulikwenda watatu. Nestori mbele na jembe, akitembea mbio kama anayewahi kitu, Mama Fokasi katikati, mimi nyuma. Njiani niliomba kila sala ninayoijua, na nyingine nikaitunga.

Kule juu pote ni sawa. Weusi wa moto, mashina ya nyasi, vichuguu, mashimo ya muhanga, na nyayo za ng'ombe zilizokauka. Hakuna hata ua moja lililobaki, maana Nestori ni mtu wa kazi safi. Alisimama chini ya mti mmoja akasema ni hapa. Akaangalia bonde, akasema hapana, ni kule, kwa sababu mzigo wa nyasi aliuegemeza kwenye kichuguu. Vichuguu viko vingi. Akaenda kule, akapiga magoti, akapapasa udongo kwa viganja akitafuta alama za jembe lake la mwaka jana. Akaenda pengine tena. Jasho lilikuwa linamtoka, na mimi nilitaka kumwita arudi kama unavyomwita mtoto anayeingia majini.

Mwisho akainua jembe. "Ngoja nichimbe kidogo. Udongo wa kaburi haufanani na mwingine, nitaujua."

"Shemeji," Mama Fokasi akasema, "umeshamfukua mara moja. Inatosha."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira, Nestori angejua la kufanya. Hasira za wanawake amezizoea, ameoa. Aliliachia jembe likaanguka, akalia kwa sauti, mbele yetu. Mimi sikuwahi kumwona akilia, hata tulipomzika mama yake.

Mama Fokasi alimwacha alie. Alikwenda peke yake, akitembea polepole, anaangalia miguu yake. Anasimama, anatazama jua lilipo, anasogea hatua chache. Mara moja alifumba macho akanyoosha mkono, nadhani alikuwa anatafuta ukuta wa jiko lake. Kisha akasimama mahali ambapo, kwa macho yangu, hapana tofauti yoyote na pengine.

"Hapa," akasema.

Nikamwendea. "Mama, umepajua?"

"Hapana."

Alivua kitambaa cha kichwani akakifunga kwenye kijiti kilichoungua, akakaza fundo kwa meno. Nywele zake zote ni nyeupe. Alipofiwa hazikuwa hivyo.

"Lazima pawe mahali," akaniambia. "Siwezi kumwacha mtoto amesimama nje kwa sababu sijui mlango. Nitamlaza hapa. Baba yake yuko kwenye kilima hiki hiki, hajaenda popote, hakuhamishwa yeye. Atamtafuta. Alikuwa akimtafuta hata Fokasi akichelewa kisimani."

Kisha akamgeukia Nestori. "Shemeji, futa uso. Kesho nahitaji mtu wa kuchimba, na mgomba wa kukata. Sina kaka hapa."

Nestori akafuta uso, akaokota jembe.

Tuliporudi, habari ilikuwa imeshafika mbele yetu, sijui kwa miguu ya nani. Wanawake walikuwa wameweka majembe tayari ili wang'oe kila mmoja ua lake wamrudishie. Mama Fokasi akawazuia. Ua likiwa limechanua ukiling'oa linakufa, akasema, liacheni mpaka majani yanyauke, wakati huo mtu akitaka atalipeleka. Akaingia kwake akafunga mlango. Mama Zabloni alibaki amesimama na jembe begani, kisha akaniambia kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Mwaka mzima tunamwagia maji ya kuoshea vyombo."

Ndiyo. Mimi pia. Na jana nilimwonyesha mgeni nikasema, tazama, ua la porini, halina kwao.

Najiuliza kama ni dhambi kutojua. Katekista angesema si dhambi. Lakini mbona Nestori amelala kifudifudi, na mbona mimi nimepitia mlango wa nyuma tangu turudi, nyumba ambayo mlango wa nyuma ni tundu la kupitisha kuku?

Najiuliza zaidi kuhusu pale alipofunga kitambaa. Huenda ni penyewe. Huenda palikuwa zizi la mbuzi, au njia ya kwenda kisimani. Yeye hajui, mimi sijui, na anayejua hasemi. Nilitaka kumwambia tungoje, labda kuna mzee wa kilima chao kwenye kile kijiji kingine anayekumbuka. Nikamwangalia nikanyamaza. Amengoja vya kutosha, na amengoja kwa sababu yetu.

Giza linaingia, herufi zinaanza kugombana kwenye karatasi.

Nimekwenda nyuma ya nyumba kuchagua mgomba. Nimeuchagua ulionyooka, wa urefu wa kijana, nimeufunga kamba ili Nestori auone alfajiri asikate mwingine. Mama Fokasi ameleta shati, ameliweka juu ya kinu akaondoka. Ni jeupe, la shule, limetiwa viraka kwenye viwiko. Kifungo kimoja hakipo. Nitashona kingine sasa, kwa kupapasa, kabla sijalala.