Mpunga Uliovuka Maji

Jumapili, 10 Juni 1956
Misa, madaftari ya wanafunzi, kisha shamba letu la Michenga. Maji ya mafuriko yameondoka. Mpunga mfupi wa mapema umeoza wote. Umebaki mrefu wenye ndevu, uliokuwa ukirefuka kadiri mto ulivyopanda. Zamani ulikuwa mashina machache tu katikati ya mwingine. Mavuno kidogo sana.

Jumamosi, 1 Desemba 1956
Tumegombana. Kaspari, mume wangu, anataka tupande mbegu ndefu peke yake. Lile kapu la mbegu za mchanganyiko, zilizobaki tangu kabla ya mafuriko, anataka tulitwange tule. Ni kweli chakula kimekwisha. Watoto wanashindia maembe na muhogo. Nimekataa.

"Mto umeshatuonyesha mbegu inayofaa," alisema.

"Umetuonyesha mara moja, Baba Tekla. Maji yakiwa haba je?"

"Wewe fundisha shule. Mpunga niachie mimi."

Imeniuma.

Jumanne, 4 Desemba 1956
Nimejaribu kuotesha punje chache za lile kapu. Nyingi zimeota.

Nikizichambua niliwaza. Kila mbegu ni kama inabahatisha. Moja inasema maji yatakuwa mengi, nyingine inasema mvua itakatika mapema. Mto ndio unaosahihisha. Iliyokosea haiachi uzao, iliyopatia inajaza shamba. Basi mchanganyiko huu ni kama maoni ya shamba kutokana na miaka yote iliyopita: hiki nakiamini sana, kile kidogo. Miaka yote hiyo ifutwe na gharika moja? Mtoto akishindwa jaribio moja simfukuzi shule.

Alhamisi, 20 Desemba 1956
Tumegawana shamba. Yeye sehemu kubwa ya bondeni kwa mbegu ndefu, mimi kipande cha pembeni kwa zile za kapu. Tunalima bila kuongea.

Jumatano, 10 Aprili 1957
Mto umepanda tena.

Mpunga wangu unazama. Wa Kaspari unaelea vichwa juu. Nina hasira na mto, na yeye, na mimi mwenyewe. Tekla ameniuliza kwa nini hatukula lile kapu. Amekonda mwanangu.

Jumapili, 16 Juni 1957
Nimevuna kipande changu. Kidogo, na karibu wote ni mrefu wenye ndevu. Ajabu. Sikuchagua hata punje moja, maji yamechagua yenyewe. Shamba langu limefika alikofika Kaspari, ila polepole, na kwa njaa yetu.

Alikuwa sahihi. Nimemwambia hivyo, nikaona vigumu kuliko nilivyodhani. Gharika mbili si sawa na moja. Sasa naamini kwamba maji mengi yatarudi, kuliko nilivyoamini mwaka jana. Ila imani hiyo si kamili. Kwenye mwinuko wa ukingoni, mashina machache ya mpunga mfupi yamepona.

Jumanne, 18 Juni 1957
Kaspari amemimina mpunga wake na wangu kwenye kihenge kimoja. Hakunicheka. Niliingoja kejeli siku nzima, haikuja.

Baadaye akauliza, "Ule mfupi umeuweka wapi, Mama Tekla?"

Nikampa. Akaufunga kitambaani, akautundika juu ya meko, moshi uufikie, wadudu wasiuguse. Akarudi kushona mkeka wake.

Mchana tumekula wali na perege. Tekla ameomba tena, nikamwongezea.