Neno Lililopigiliwa Kwenye Mti wa Titye

Titye, Kasulu
Februari 2015

Mama Nestori mwenzangu,

Nakusalimu huko Burundi uliko. Kifua chako kinaendeleaje? Sisi tupo, magoti yanauma, mvua nyingi. Mbuzi wa jirani Asia kazaa mapacha, mmoja mweupe utafikiri kavaa kanzu. Barua hii nasema tu, anayeandika ni Mudathiri wa dukani, yule uliyekuwa ukibishana naye kipimo cha chumvi. Anasema nisiongee mbio.

Salamu zako mdogo wako Fidele amenifikishia. Kwamba Pasaka unakuja na msalaba wa kaburi la Nestori wako, na unauliza kama lile katazo la mlimani limeondolewa. Ngoja nianzie mbali.

Mwaka ule kambi ya Mtabila ilipofungwa mkarudi kwenu, uliniachia kaburi la mtoto kule mlimani niwe nalipalilia. Nikapalilia. Halafu wenye mlima, Felisiani na nduguye Pasikali, wakagombana wakapelekana mahakamani. Ikaja karatasi ikapigiliwa kwenye mti. Kiingereza kitupu, na katikati neno moja kubwa, interidikti. Watu wanalitazama kama nyoka. Mimi na umbea wangu nikaibandua asubuhi, nikampelekea Mudathiri, mchana nikairudisha.

Mudathiri alinieleza vizuri. Alisema neno hilo hata Waingereza hawalitumii jikoni, mama hamkatazi mtoto moto kwa neno hilo. Ni la mahakama na la maaskofu. Maana yake wewe uliyetajwa jina unazuiwa jambo fulani mpaka kesi iishe. Nikamwambia basi ni kama umuziro wetu, mwiko wa ukoo, maana kitu ambacho ukoo wenu haukili, hukili mpaka unazikwa. Akasema sivyo, hili lina mwisho. Na pale waliozuiwa ni wale ndugu wawili tu, wasiuze, wasijenge, wasilime. Mpita njia apite, mwenye kaburi aende kwenye kaburi lake.

Nikashukuru. Njiani nikakuta wanawake kisimani, wakaniuliza karatasi inasemaje. Mama Nestori, sijui nini kiliniingia. Mlima ule ulikuwa umelala bila kulimwa, udongo mweusi, na shamba langu unalijua, mawe matupu. Nikawaambia, "Atakayekanyaga pale ni jela." Wakaniamini, maana ndimi niliyetoka kusomewa. Hakuna aliyeupanda mlima tena. Na wewe nikakutumia neno hilohilo kwa Fidele, asije akachungulia.

Katazo kwako halikuwepo. Hata siku moja.

Nililima mimi, na aliyeniuliza nikamwambia nimepewa ruhusa. Mwaka wa kwanza nilianza pembeni, mbali na mtoto. Mwaka wa pili maharage yakamfikia. Nikasema nitamzunguka, lakini ukilima unaangalia jembe. Yale mawe matatu uliyoweka niliyasogeza yasinivunjie mpini, nikayatupa kwenye rundo la mawe mengine. Mvua ikamaliza kazi. Juzi nimepanda na magoti haya kutafuta. Ni matuta tu, yote yamefanana. Sijui Nestori yuko wapi.

Na lile debe la maharage nililokupa kwa mkono wa Fidele, ukanisifia kwamba yanaiva upesi, yalitoka pale.

Mudathiri ameweka kalamu chini. Hakujua. Ananiuliza, "Bibi, ndiyo kazi uliyoifanyia maneno yangu?" Nimemwambia andika. Ameishika tena kalamu, sasa anaandika.

Kisimani nilikwenda jana, nikawaeleza wale wanawake karatasi inasema nini hasa. Mmoja alitema mate akabeba ndoo yake. Msimu huu sijapanda mbegu pale.

Usiache kuja. Msalaba sina pa kukuonyesha uuchomeke, utauchomeka pale utakapopachagua mwenyewe. Mimi nitakusindikiza mpaka barabarani, nitabaki hapo chini. Sitapanda mlima mpaka uniite. Usiponiita, nitarudi nyumbani.

Wasalimie wakwe zako na wajukuu. Asia anakusalimu, naye nilimdanganya, ila yeye jana ameniletea maziwa.

Ni mimi wako wa Titye,
Esteri

Jina ameandika Mudathiri. Dole gumba ni langu.