Wateule wa Tisini na Tisa

Ada, Oklahoma
14 Januari 2019

Kwako pacha wangu Alcide,

Salamu nyingi. Mimi napumua, ila magoti yamegoma. Ujana wangu wote niliutumia kuchuchumaa nikidaka mipira ya besiboli. Wewe je? Mkeo Clothilde hajambo? Miaka kumi na minane sijakuandikia hata mstari, na leo nauliza afya kama jirani aliyekuja kuomba chumvi. Nivumilie. Ningepiga simu, lakini simu unaweza kuikata. Barua, hata ukiichana, utakuwa umeshauona mwandiko.

Sababu ni gazeti. Mwandishi mmoja ametupima sisi vijana tulioteuliwa na klabu yetu mwaka 1999, aone baada ya miaka ishirini tumefika wapi. Tuliitwa majina hamsini. Aliyefika Ligi Kuu ni mmoja, mimi, kwa siku kumi na moja. Nilishika gongo la kupigia mara nne na sikugusa mpira. Kundi letu zima ametupatia sifuri. Wewe uliyeitwa wa kwanza amekuita pigo kubwa la klabu, mrushaji aliyeharibika kiwiko kabla hajafika miaka ishirini.

Hakuandika ninayoyajua mimi. Jioni ile ya Agosti kule Tennessee, mipira yako ilikuwa inaingia kwenye glavu yangu imekufa tangu mwanzo wa mchezo. Mdakaji hujua kabla ya daktari. Nikapanda kilimani, kile kichuguu unaposimama kurusha, kukuuliza kuhusu mkono, ukaziba mdomo kwa glavu ukasema, "Ukimwambia kocha, undugu wetu umekwisha." Kwetu linalosemwa kilimani hubaki kilimani. Nikarudi, nikachuchumaa, nikakuomba mpira wa kupinda, na mpira huo ndio uliokata kano ya kiwiko chako. Naomba msamaha, Alcide. Nimechelewa, lakini naomba.

Mimi pacha wako, kama alivyotuita Mama Opal aliyetulaza na kutulisha kwake,
Verlon

Eunice, Louisiana
2 Februari 2019

Pacha wangu Verlon,

Barua imefika, na mwandiko wako bado ni wa kuku aliyekanyaga wino. Sisi wazima. Clothilde anakusalimu, anasema siku kumi na moja za Ligi Kuu ni nyingi kuliko siku nilizowahi kumsaidia kuosha vyombo. Mkono wangu haupandi juu ya bega, nywele nachana kwa kushoto. Kazi ipo. Natengeneza injini za boti za kuvulia kamba wa maji baridi kwenye mashamba ya mpunga yaliyojaa maji.

Yaliyopita si ndwele. Msamaha chukua, mimi mwenyewe ndiye niliyekuziba mdomo. Yajayo ndiyo nataka tuyagange.

Nina mtoto, Emile, miaka kumi na minane, mrushaji wa shule yetu. Mpira wake unakwenda maili tisini na tano kwa saa, na si maneno ya baba. Ni vipimo vya wasaka vipaji wenzako wanaojaa uwanjani kila Ijumaa. Sikumfundisha mimi. Amejifunza kwenye kanda moja ya video niliyorekodiwa na Mama Opal, ameitazama tangu ana miaka sita. Juni hii klabu zikiteua vijana, akiitwa mapema, jina letu la Guidry litasomwa tena mbele ya watu, na huyo mwandishi alitafune gazeti lake. Nasikia klabu imekukabidhi Louisiana nzima. Njoo umwone. Kamba wapo, pilipili ipo.

Pacha wako,
Alcide

Lafayette, Louisiana
18 Machi 2019

Pacha wangu,

Natumaini mmeamka salama hapo nyumbani. Samahani Ijumaa nilikupungia mkono kwa mbali kama karani wa kodi. Msaka vipaji akila kwa mzazi wa mchezaji, wenzake humla yeye.

Emile ni mzuri kuliko wewe. Nakwambia hivyo nikijua utafurahi. Lakini kuanzia katikati ya mchezo, kila akirusha mpira wa kupinda, kiwiko kinashuka, kisha anafuta vidole kwenye paja mara mbili na kutazama pembeni. Alcide, wewe ulikuwa ukifanya hivyo hivyo, kidole kwa kidole. Nilikaa pale nikasahau hata kuandika kasi. Nilikuwa nakuona wewe jioni ile.

Mpeleke kwa daktari apigwe picha. Ripoti yangu inatakiwa katikati ya Mei. Nikiwa na karatasi ya daktari mkononi, nitamsifu hadi wino uishe.

Pacha wako,
Verlon

Eunice, Louisiana
25 Machi 2019

Verlon,

Sisi hatujambo, ila usingizi umenihama tangu barua yako.

Unadhani sijaona? Nimeona tangu Februari. Lakini sitampeleka. Daktari akishaandika, klabu zote thelathini zitaitaka hiyo karatasi, na mtoto ameanguka kabla hajasimama. Wala sijamuuliza. Mrushaji haulizwi mkono wake, hilo unalijua toka tukiwa vijana. Ukimuuliza umemtilia shaka, na ikishamwingia shaka hawezi kurusha tena. Wewe uliniuliza mara moja tu, na uliona yaliyofuata.

Zimebaki wiki kumi. Acha ateuliwe kwanza. Wakishamchukua watamtengeneza wenyewe, siku hizi kiwiko kinashonwa na mtu anarudi. Ulinyamaza kwa ajili yangu ukajuta, sawa. Nyamaza kwa ajili ya mwanangu usijute. Nakupigia magoti, pacha. Sina kingine nilichowahi kukuomba.

Usiponijibu nitajua umekubali.

Alcide

Ada, Oklahoma
7 Juni 2019

Pacha wangu Alcide,

Sijui nianzeje kuwasalimu, lakini nawasalimu wote watatu.

Siku tatu nimesikiliza. Yamesomwa majina zaidi ya elfu moja na mia mbili, na la Emile halimo. Usimlaumu mtu mwingine. Niliandika. Niliandika kwamba kiwiko kinaficha kitu, na kwamba mzazi amekataa daktari. Wenzangu wa klabu nyingine tunakaa nao benchi moja tukitafuna karanga. Waliniuliza kwa nini nimemshusha alama kijana wa Eunice, na uso wangu haujui kusema uongo.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa mwoga. Ila nilifikiri ni heri akasirike akiwa na mkono mzima kuliko aje achane nywele kwa kushoto. Mpeleke sasa, tafadhali. Atibiwe, aende chuo, baada ya miaka mitatu anaweza kuitwa.

Pacha wako, ukipenda,
Verlon

Eunice, Louisiana
1 Julai 2019

Verlon,

Clothilde mzima. Mimi sielewi kama ni mzima.

Nilimpeleka. Wamempiga picha mbele na nyuma. Daktari akasema hajaona kiwiko kisafi namna hii kwa mrushaji wa umri wake. Hakuna jeraha. Hakujawahi kuwa na jeraha.

Nikamuuliza kwenye gari, "Sasa mbona unashusha kiwiko? Mbona unafuta vidole?" Akanitazama kama mtu anayesikia jambo la ajabu. "Si ndivyo ulivyokuwa ukifanya wewe, Baba? Kwenye kanda? Nilidhani ndiyo ufundi wenyewe."

Kanda ile ni ya jioni ile ya Tennessee, Verlon. Sina nyingine. Mtoto ametazama maumivu yangu miaka kumi na miwili akayasoma kama somo, akayashika yote. Na wewe ulipoyaona ukaamini, na mimi baba yake nikaamini. Ningempeleka Machi ulipoomba, ungekuwa na karatasi yako. Hilo ni langu, sikutupii wewe.

Ningeishia hapo, lakini kuna zaidi. Wiki iliyopita alikuwa akitafuta spana karakanani, akafungua droo yenye barua zako. Alizisoma zote, na yangu ya Machi aliikuta nakala, maana niliiandika mara mbili. Hakupiga kelele. Chuo kilikuwa kinamsubiri Agosti. Amekipigia simu akasema haji. Amepata kazi kwenye mitambo ya mafuta huko Ghuba, kusini mwetu, wiki tatu baharini, wiki moja nchi kavu. Glavu ameiacha juu ya kitanda.

Alcide

Ada, Oklahoma
20 Agosti 2019

Alcide,

Natuma salamu nikijua hazitoshi. Kazi ya kusaka vipaji nimeiacha. Kabla ya kuondoka nilizipigia klabu zote thelathini, moja baada ya moja, nikasema nilikosea, mkono ni mzima. Nane ziko tayari kumwona hata kesho asubuhi. Mwambie. Au nipe anwani yake nimwandikie mwenyewe, nimwangukie.

Verlon

Eunice, Louisiana
30 Desemba 2019

Verlon,

Nakutakia heri ya mwaka unaokuja, wewe na wa kwako. Barua yako nimekaa nayo miezi minne, siyo kwa dharau.

Emile alikuja Krismasi. Amenenepa mabega, amefuga ndevu. Mama yake alipika gumbo, ule mchuzi wetu mzito, tukala tukizungumza habari za mvua. Nikamwambia juu ya zile klabu nane. Akasema, "Mwambie asante." Akaendelea kula. Nikakaza moyo nikamuuliza lile nililopaswa kumuuliza Februari. "Mwanangu, mkono wako unauma?"

Akaweka kijiko chini. "Haujawahi kuuma hata siku moja, Baba. Watu wazima wawili mliandikiana kuhusu mkono wangu miezi mitatu, na mimi nilikuwa chumba cha pili. Mngeniuliza."

Clothilde alikuwa analia jikoni, na mimi nililia pale pale mezani mbele ya mwanangu. Yeye hakulia. Alimaliza chakula, akaosha bakuli lake na langu, na alfajiri akarudi baharini.

Anwani yake sikupi. Hata mimi sinayo.

Alcide